Kilo Saba za Posta

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani bila kutoa taarifa, kuweka mawe yake ya chuma juu ya mizani ya mwenye duka, na kuangalia kama kilo ni kilo. Ikiwa ni kilo, alipiga muhuri. Kama si kilo, aliifunga mizani kwa waya na kuondoka. Mwenye duka alibaki akiuza kwa kukadiria, na kukadiria nako ni kosa, kwa hiyo Babu alirudi kesho yake.

Mama anasema utotoni hawakualikwa harusi nyingi, kwa sababu kila harusi ina muuza nyama kwenye ukoo. Bibi yangu, enzi za uhai wake, alikatazwa kununua kitu kwenye duka la karibu. Si kwamba mwenye duka alikuwa mwizi. Alikuwa anamwogopa Babu, basi Bibi akiomba kilo ya sukari alipimiwa kilo na robo. Siku Babu alipogundua, aliirudisha ile robo mwenyewe, imefungwa kwenye karatasi. Alisema kuzidisha ni kosa lile lile la kupunguza, ila limevaa vizuri. Tangu hapo Bibi akawa anakwenda mitaa mitatu mbele kutafuta duka lisilomjua.

Nimeanza na hayo ili mtu asidhani kwamba yaliyotokea kwenye nyumba ya wazee yalitokana na huruma. Babu mwenyewe anakataa katakata.

Alihamia kwenye nyumba hiyo mwaka jana, baada ya kuanguka bafuni mara mbili ndani ya wiki moja. Mama anafanya kazi za zamu, mimi niko shule, na hapakuwa na mtu wa kumsikia akianguka mara ya tatu. Ni nyumba ya kawaida tu ya vyumba vinne vya kulala, ambayo nesi mmoja mstaafu ameigeuza kuwa makao ya wazee sita. Nesi huyo wote wanamwita Sista. Sebuleni kuna viti sita visivyofanana, kila mtu na chake, na saa ya ukutani ambayo Babu aliiripoti siku ya kwanza kwamba inachelewa dakika nne. Siku ya pili aliripoti kijiko cha dawa. Kufika siku ya tatu wenzake walishampa jina. Wanamwita Serikali. Asubuhi akitokeza kwenye korido utamsikia mtu anasema, "Serikali imeamka, ficheni vikombe."

Anakaa chumba kimoja na mzee anayeitwa Posta. Huyu alisambaza barua maisha yake yote, kwanza kwa miguu, kisha kwa baiskeli, kisha kwa miguu tena baiskeli ilipoibiwa. Akastaafu yeye, na miaka michache baadaye miguu nayo ikastaafu. Ni mwembamba tangu kuzaliwa. Suruali zake zinabaki juu kwa hisani ya mkanda. Yeye na Babu wamekuwa wakibishana tangu siku ya kwanza, kuhusu dirisha, kuhusu redio, kuhusu nani anakoroma. Mara ya kwanza niliwaonea huruma. Baadaye niliona kwamba Posta akipelekwa kuoga, Babu anakaa kitandani anaangalia mlango, na Posta akirudi wanaendelea palepale walipoishia.

Posta ana binti mmoja, msusi, mwenye saluni mtaa wa pili kutoka hapo. Kila siku saa saba mchana anakuja, mikono inanukia mafuta ya nywele. Anakaa na baba yake nusu saa, anamkata kucha au anamsimulia mambo ya wateja, halafu anarudi kazini. Posta huanza kutazama geti tangu saa tano.

Mwingine wa kumjua ni Mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, alifundisha hesabu, na sidhani kama amewahi kuacha. Ni mama mkubwa wa mwili. Daktari alimwagiza apungue na kumkataza sukari, akatii, lakini kila anapokunywa chai anaiangalia kama mwanafunzi aliyemwangusha. Yeye pia hasimami. Mwezi yalipotokea haya mwanawe alikuwa amemletea kiti kipya cha magurudumu, chenye mikono ya sponji na breki mbili. Kile cha zamani cha nyumba, kilichokuwa cha chuma na kinapiga kelele, kilipewa mnunuzi wa vyuma chakavu, na Mwalimu kwa ukarimu akaruhusu Posta awe anasukumwa kwa kiti chake kila inapohitajika.

Sasa, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi wazee wanapimwa uzito. Mizani ni ile bapa ya kupimia magunia, Sista aliinunua kwenye ghala la nafaka lililofungwa, na iko kwenye chumba cha mashuka. Wazee wanne wanapanda wenyewe. Posta na Mwalimu wanasukumwa juu yake wakiwa kwenye kiti cha magurudumu, halafu uzito wa kiti unatolewa. Kiti ni kilo ishirini na moja. Imeandikwa hivyo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari la uzito tangu nyumba ilipofunguliwa, na kila mhudumu aliyepita pale ameitoa hiyo ishirini na moja bila kuwaza, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Jumatatu hiyo Posta, ambaye siku zote ni kilo hamsini na mbili, alikuwa arobaini na tano.

Nyumba imesajiliwa kwa wazee ambao hawajazidiwa. Kanuni inasema mzee akipoteza zaidi ya kilo tano ndani ya mwaka bila daktari kumwagiza apungue, anahamishiwa hospitali ya wazee, ambayo iko mji mwingine, saa saba kwa basi. Sista alipiga simu ofisi ya ustawi wa jamii kama anavyotakiwa. Jioni hiyohiyo barua ikaletwa: gari lingekuja kumchukua Posta Ijumaa saa tatu asubuhi. Sista aliisoma mara mbili, kisha akaenda jikoni kunywa maji, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Wiki hiyo shule ilikuwa imefungwa kwa mapumziko mafupi, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho yangu. Mengine nilisimuliwa na mhudumu wa nyumba, ambaye habari hazimkai.

Posta aliipokea barua bila ubishi. Maisha yake yote alikuwa amewakabidhi watu bahasha zenye mambo mabaya, na hakuwahi kumheshimu mtu aliyekataa kuchukua yake. Binti yake aliuliza hospitali iko wapi, akaambiwa, akasema atakuwa anakuja kila mwezi. Kisha akahesabu kwa vidole safari ya kwenda na kurudi, na vidole havikutosha. Tangu hapo Posta alianza kujisikia mgonjwa. Alisema suruali zinampwaya. Mhudumu alimkumbusha kwamba zinampwaya tangu amjue, naye akajibu kwamba huenda ugonjwa ni wa zamani.

Mwalimu yeye alikuwa kwenye neema. Alitoka tisini na sita hadi themanini na tisa. Sista, aliyehitaji jambo moja la kufurahia siku hiyo, alimruhusu kijiko kimoja cha sukari kwenye chai ya asubuhi. Mwalimu alimpigia simu mwanawe, kisha dada yake, kisha mwanamke aliyekuwa msaidizi wake shuleni. Mezani aliwaeleza wenzake kwamba siri ni nidhamu.

Babu hakusema atamkosa Posta. Alisema mizani ni mbovu.

Alipostaafu, wenzake wengine walizawadiwa saa. Yeye aliomba kipimo cha lita cha shaba, chenye muhuri, na analala nacho chini ya kitanda. Jumanne baada ya chai alimwita mhudumu, wakaingia chumba cha mashuka na ndoo tatu. Lita moja ya maji ni kilo moja, alinieleza, na maji hayana mjomba ofisini. Walipima ndoo zikiwa tupu, kisha wakazijaza lita kwa lita, na Babu akiinama kila mara kuangalia kama maji yameishia kwenye mstari. Lita sitini. Mashuka ya rafu ya chini yalilowa yote. Chakula cha mchana kilichelewa saa nzima, kwa sababu mpishi alikuwa amekuja kutazama.

Mshale, ukitoa uzito wa ndoo, ulisimama kwenye sitini.

Babu aliutazama. Akaomba maji yamwagwe, waanze upya. Mhudumu akamwangalia Sista, Sista akatikisa kichwa kukubali. Safari ya pili mshale ulisimama palepale. Babu akajifuta mikono, akaenda hadi mlango wa sebule, akasimama mbele ya wote, akasema, "Mizani haina kosa." Kisha akaenda kulala bila kula. Mwalimu alisema, si kwa ubaya, kwamba kuna watu wanaopaswa kujifunza kwamba matokeo ni matokeo.

Posta aliomba asukumwe chumbani kumfuata. Alimwambia, "Serikali, acha. Barua ikishafika imefika." Babu alikuwa ameugeukia ukuta. Hakubishana, na hilo lilimtisha Posta kuliko barua.

Jumatano Babu aliomba daftari la uzito. Alivaa miwani yake, akaliweka mapajani, akafungua mwezi baada ya mwezi, kidole kikishuka taratibu. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema hajui, ndiyo maana anatafuta. Kidole kilipofika mwisho kikasimama. Posta alikuwa amepungua kilo saba. Mwalimu alikuwa amepungua kilo saba.

"Mmoja anamaliza sahani," alisema. "Mwingine anaichezea. Halafu wote saba, bila hata nusu ya kugombania?"

Katika miaka yake yote, alisema, vitu viwili vilipungua sawasawa kwa sababu moja tu: mnunuzi alikuwa ametoa uzito wa chombo usio wake. Debe la bati linatolewa kama sanduku la mbao. Mizani inasema kweli na mkulima anaibiwa. Alipokuwa bado anasema hayo tulimwona mhudumu uani, kupitia dirishani. Alikuwa amemkalisha Mwalimu kwenye benchi apate jua, akakikunja kile kiti kipya, akakining'iniza kwenye kiwiko kama mkoba, na kwa mkono wa pili anaanua nguo. Babu akavua miwani. Kiti cha zamani kilikuwa kinabebwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa analalamika.

Nilidhani mambo yamekwisha. Sista naye alidhani hivyo. Walimkalisha Posta kwenye kiti cha plastiki kilichopimwa kwanza, wakaviweka vyote kwenye mizani, na Posta akawa hamsini na mbili kama zamani. Sista akakimbilia simu. Huko ofisini wakamuuliza wamwamini Posta yupi, wa Jumatatu au wa Jumatano. Wakasema kipimo cha pili hakifuti cha kwanza, la sivyo kila nyumba ingekuwa inapima mpaka ipate namba inayoipenda. Aonyeshe kosa liko wapi, liandikwe, lisainiwe.

Sista alikata simu amekasirika. Babu akasema wana haki. "Hata mimi nisingekubali."

Kwa hiyo kilihitajika kiti cha Mwalimu, kikiwa kitupu, juu ya mizani. Mhudumu alisema ni kazi ya dakika moja, atakichukua Mwalimu akilala mchana. Babu akakataa. Mizani inapimwa mwenye mali akiwepo na akiridhia. Kupima kitu cha mtu nyuma ya mgongo wake ni kukichukua tu. Mhudumu alimuuliza kama kweli atampoteza mwenzake kwa sheria ya wauza nyama. Babu akasema huenda.

Alhamisi alivaa koti, akaenda sebuleni, akasimama mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, naomba kukipima kiti chako."

"Kiti changu hakiumwi."

"Kikiwa kitupu."

"Hakiwi kitupu. Mimi niko juu yake."

"Ndiyo maana naomba."

Akaanza kumweleza habari ya ishirini na moja na kalamu nyekundu. Hakufika mbali. Mwalimu alifundisha hesabu miaka mingi, na nilimwona akifika kwenye jibu kabla Babu hajamaliza swali. Aliangalia kikombe chake cha chai. Kilikuwa kitupu tayari, na sukari imebaki kidogo chini.

"Nimeshampigia dada yangu," alisema. "Unanielewa, Serikali? Miaka sitini mwanamke yule ananiita gunia. Juzi kaniambia hongera."

Babu alifikiri. "Mwambie uzito wa kiti ulikosewa."

"Atacheka mpaka tumzike."

Akakataa. Alifungua breki zote mbili, akajisukuma hadi dirishani, na kiti, kwa kuwa ni kizuri, hakikutoa sauti. Sista alikwenda kumsihi, akaambiwa kiti kina mwenyewe. Mchana alikula humohumo kitini. Hakwenda kulala kama kawaida yake. Nilimwona ameshika zile breki huku kichwa kinadondoka, anashtuka, anazishika tena. Babu alikaa kwenye kiti chake upande wa pili wa sebule na koti lake, hamwangalii. Hakuna aliyemsema Mwalimu vibaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwake kama wangemsema.

Ijumaa nilifika saa mbili kasoro. Posta alikuwa ameshanyolewa, amevaa shati la kola, amekalishwa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, begi limewekwa miguuni. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa. Alimwomba mhudumu amsogeze karibu na Mwalimu, kiti na yeye, na mhudumu akawaburuta wote wawili hadi dirishani.

Alimwambia Mwalimu kwamba amemwandikia binti yake barua, apewe atakapokuja saa saba na kumkosa, kwa sababu hajamwambia saa ya gari. Amebeba barua za watu maelfu na maelfu lakini ya kwake hii ni ya kwanza, na hataki imfikie mtu ikiwa na makosa. Akaomba aisahihishe.

Mwalimu hakuweza kukataa hilo. Sidhani kama amewahi kukataa karatasi ya mtu katika maisha yake. Alitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba wake, akaifungua barua juu ya mapaja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, na ninakiri nilisoma. Haikuwa ndefu. Ilisema: *Mwanangu, usifunge saluni kwa ajili yangu. Wateja wakizoea pengine hawarudi. Nimepungua kilo saba ndiyo maana wamenichukua, lakini chakula cha hapa kilikuwa kizuri, usimlaumu mtu. Mlango wa nyuma wa saluni urekebishe kabla ya mvua. Baba yako.*

Mwalimu aliweka nukta mahali palipokosa. Aligeuza herufi moja kuwa kubwa. Akafika kwenye mstari wa tatu, kalamu ikasimama. Akasoma mpaka mwisho, akarudi mstari wa tatu. Nje kulikuwa na gari linapiga honi kwenye mtaa, lakini lilikuwa la muuza gesi.

"Hapa umekosea," alisema.

Posta aliinama mbele. "Wapi, Mwalimu?"

"Hapa." Akapiga mstari juu ya maneno, mmoja, ulionyooka, kama wa rula. "Hujapungua kilo saba. Siwezi kuiacha hivi."

Posta alisema hivyo ndivyo ilivyo kwenye barua ya ofisi. Mwalimu akamwambia ofisi nayo ingepata sifuri. Kisha akaifunika kalamu, akafunga breki ya kushoto, akafunga ya kulia, akasema bila kumwangalia mtu, "Nishusheni."

Ilichukua watu watatu kumhamishia kwenye kochi, na mmoja wao alikuwa mpishi. Kiti kikapelekwa chumba cha mashuka. Babu akasema hapana, mwenye mali lazima aone, kwa hiyo ikabidi mizani ndiyo iletwe sebuleni, nayo ilikwangua sakafu njia nzima. Wakaweka kiti juu. Babu hakuusoma mshale. Alisogea pembeni, akamwachia Mwalimu.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma. "Kumi na nne." Baada ya kidogo akaongeza, "Ishirini na moja kutoa kumi na nne ni saba," kwa ile sauti ya mtu anayesubiri darasa limjibu.

Sista aliandika maelezo ya kosa, Babu akasaini, Mwalimu akasaini chini yake kama mwenye kiti. Alikuwa amegeuka kurudisha kalamu aliposema kwamba kosa ni la watu wawili na limerekebishwa kwa mtu mmoja. Akalivuta daftari, akakata themanini na tisa iliyokuwa mbele ya jina lake, akaandika tisini na sita kwa mkono wake, tarakimu kubwa. Sista alisoma maelezo yote kwa simu, neno kwa neno, mara mbili. Ofisini wakasema karatasi ifike kabla ya saa kumi, na Posta abaki.

Gari lilifika hata hivyo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia dereva. Alipewa chai, akasaini kwamba hakukuta abiria, akaondoka. Mhudumu alimletea Mwalimu kikombe chake, na bakuli la sukari pembeni, kwa kuwa hakujua sheria ya siku hiyo ni ipi. Mwalimu alilisukuma bakuli. Kuhusu kumwambia dada yake, Babu alisema hilo halimo kwenye kanuni, na Mwalimu akasema hajamuuliza.

Saa saba msusi alikuja anakimbia, macho mekundu. Alimkuta baba yake yuko palepale kwenye kiti cha plastiki, naye akampa barua mkononi, kwa sababu barua ikishaandikwa inapelekwa. Aliisoma amesimama. Kisha akamkata kucha za mikono yote miwili, polepole, ingawa alikuwa amezikata Jumanne.

Jioni, kabla sijaondoka, nilikaa chumbani kwao. Posta alikuwa kitandani, begi bado halijafunguliwa.

"Serikali," alisema. "Na kama ningekuwa nimepungua kweli?"

"Ningeandika umepungua."

"Hata kama wananichukua."

"Kilo ni kilo."

Posta alikubali. Alisema alitarajia hivyo. Babu alikuwa anakausha kile kipimo chake cha shaba kwa kitambaa, anakizungusha, hamtazami.

"Halafu ningepungua na mimi," alisema. "Kilo tano na kitu. Kihalali, kwa kuacha kula. Wanipime, wanipeleke hukohuko."

Posta akafikiria. Akamwambia kwa jinsi anavyopenda kula, ingemchukua miezi minane. Babu alisema sita.